Ua Wetu Unaishia Wapi?



Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho waliosoma katika madrasa zetu za Mombasa, Lamu na Malindi ama wamekipitia ama wamesikia kikidarasishwa, mna mas-ala mafupi katika mlango wa ijara ambayo wanafunzi wa pwani huyapita upesi huku wakitabasamu. Ni mas-ala ya theluji. Imamu huyo, aliyeishi Sham na kufariki mwaka 676 wa Hijria, anaeleza kwamba nyumba ya kukodi ikiangukiwa na theluji, ile iliyo juu ya paa ni wajibu wa mwenye nyumba kuiondoa, na ile iliyoanguka uani, pamoja na takataka za ufagio, ni juu ya mpangaji. Mtoto aliyekulia Kibokoni au Mkomani, ambaye baridi anayoijua ni ya barafu ya kununua, husikiliza haya kama anayesimuliwa habari za nchi ya majini.

Lakini sisi wa pwani tuliohamia huku Nairobi hatuna tena sababu ya kutabasamu. Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jina lake lenyewe limetoka katika lugha ya Kimaasai likiwa na maana ya maji baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati ambapo kipupwe cha kwetu ni rehema baada ya joto na masika, huku juu mawingu hukaa siku nzima bila kupasuka, na alfajiri baridi hushuka hadi nyuzi 10 au 11. Theluji haianguki, walhamdulillah. Hata hivyo baridi nayo huacha vyake juu ya paa na uani. Majani ya jakaranda na ya mkaratusi huoza ndani ya gata. Kabro za njia ya kuingilia huota utando wa kijani unaoteleza, na kila mwaka wazee huanguka kwa ajili yake. Kuta za nje huota koga. Na kwa kuwa watu wamejifungia ndani miezi mitatu, nyuma ya nyumba hugeuka kuwa ghala la vitu vya kutupwa: ndoo zilizopasuka, gurudumu la gari lililouzwa zamani, sufuria isiyo na kishikio, kiti cha plastiki chenye miguu mitatu.

Sasa ni Septemba. Jua limerudi, na mvua za vuli kwa kawaida huingia Oktoba. Huu ndio mwanya, nao si mrefu.

Nianze na hilo la Imamu, kwa sababu ndilo linaloleta ugomvi katika nyumba za kupanga, kuanzia ghorofa za Kilimani na Kileleshwa hadi ploti za Kawangware na Kangemi. Kwa kukisia juu ya theluji, majani yaliyoziba gata na bati lililotoboka ni mambo ya paa, na paa ni la mwenye nyumba. Takataka za uani, majani yaliyokauka mlangoni, na uchafu uliotokana na ukaaji wako wewe, hayo ni yako. Katika madhehebu yetu ya Kishafii mwenye nyumba halazimishwi kwa nguvu kutengeneza. Akitengeneza, mkataba unaendelea, na akikataa na manufaa ya nyumba yakapungua, mpangaji ana khiyari ya kuuvunja. Jambo moja wengi hawalijui: mpangaji akimleta fundi mwenyewe bila idhini, kisha akaikata gharama hiyo katika kodi ya mwezi, hana haki hiyo. Kwa mafaqihi huyo amejitolea. Basi ombeni idhini kwanza, na iwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, kisha someni mkataba wenu, kwani mlichokubaliana ndani yake kina nafasi yake maadamu hakigongani na sheria.

Tukija kwenye kazi yenyewe, kuna jambo ambalo akina mama wa Lavington na Dagoretti wameliona bila kuambiwa sababu yake. Upande mmoja wa nyumba hukauka upesi, na upande wa pili hubaki na unyevu na koga hata baada ya kusuguliwa. Sababu ni jua. Nairobi iko kusini ya ikweta kidogo tu, na katika miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini muda wote huo. Njia rahisi ya kuujua ni hii: kibla chetu hapa ni kaskazini, kikielemea mashariki kidogo. Ukisimama kwa Swala, ukuta ulio mbele yako ndio mkavu, na ulio nyuma yako ndio wenye maradhi. Mwishoni mwa Septemba jua huvuka juu ya vichwa vyetu na kuanza kupita kusini, na ukuta ule huanza kupigwa na mwanga. Usuguliwe wakati huo, siku kavu, ili ukauke kabla ya rangi. Anayepaka rangi juu ya koga mwezi wa Agosti anaificha tu, na kufikia Disemba itakuwa imerudi.

Wengi hutumia jik kuondoa utando wa kijani, na inafaa ikichanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Lakini kamwe isichanganywe na asidi ya kusafishia choo wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu, na binti wa kazi aliyeinama juu ya ndoo katika kona isiyo na upepo ndiye anayeivuta kwanza. Mwenye nyumba aliyempa chupa mbili bila kumwonya hawezi kusema hakuhusika.

Gata zisafishwe kabla ya vuli. Kwetu tuliziita milizamu, na katika nyumba za zamani za mawe ilitokeza kutoka kwenye dari kama ulimi. Huku ni za bati au za plastiki, nazo huelekeza maji kwenye tangi. Aliye na tangi aufungue mfereji unaoingia humo kabla ya kusafisha, na mvua ya kwanza ya vuli aiache imwagike chini, kwani hiyo ndiyo inayoosha kinyesi cha ndege na vumbi la miezi mitatu. Mtu anayepanda ngazi ashikiwe ngazi. Na nyaya za umeme zinazopita juu ya mabati ya ploti zitazamwe kwanza, kabla ya mtu kunyoosha mkono.

Kisha vile vitu vya nyuma ya nyumba. Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017 tuliingiwa na chikungunya, na waliougua wanajua jinsi viungo vilivyouma kwa miezi. Mbu anayeieneza hupenda maji masafi yaliyosimama karibu na watu: ndani ya gurudumu, kisahani cha chungu cha maua, mtungi usiofunikwa. Baridi ya Nairobi huwapunguza mbu lakini haiwamalizi. Kila chombo kinachoweza kushika maji ama kipinduliwe, ama kifunikwe, ama kiondoke.

Na hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwani neno hilo “kiondoke” ndilo lililonifanya niandike. Kiondoke kiende wapi?

Mara nyingi jibu ni nje ya geti. Majani hufagiliwa hadi kwenye mtaro wa barabara. Maji ya jik huteremshwa humo humo. Gurudumu na ndoo humpa kijana mwenye mkokoteni shilingi chache azipeleke asikoulizwa, na kijana huyo hazipeleki mbali. Huzibwaga kwenye ukingo wa mto ulio karibu. Ua unang'aa, wageni wanasifu, na mama wa nyumba anaona amemaliza kazi yake kwa ajili ya Allah.

Tazameni basi mji huu ulivyolala. Dagoretti, magharibi, iko kama mita 1,800 juu ya bahari. Uwanja wa ndege wa Embakasi, mashariki, uko mita 1,624. Mji mzima ni mteremko, na mito yake yote hutoka kwetu sisi wa magharibi ikielekea kwao wa mashariki. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapita Dagoretti na Kawangware, ukapokea vijito vya Kirichwa vinavyotoka Kilimani, ukapita Chiromo na katikati ya mji, si mbali na Msikiti wa Jamia, ukaendelea Gikomba na kwingineko. Mto mwingine, Motoine, hutoka upande wa msitu wa Dagoretti ukapita Kibra, kwa ndugu zetu Wanubi walioswali na kuzikana hapo tangu mwanzo wa karne iliyopita, ukaingia katika bwawa la Nairobi, na baada ya hapo, kwa jina la mto Ngong, unapita Mukuru. Hakuna kitu kinachotupwa mtaroni Lavington ambacho kinapanda mlima. Vyote huteremka, na huteremkia kwa mtu.

Mwishoni mwa Aprili 2024 mito hii ilifurika. Mathare na Mukuru watu walipanda juu ya mapaa usiku na watoto mikononi. Katika masika hayo waliokufa nchini kote walizidi 200, na mapema Mei serikali ikawaamuru wote wanaokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Nyumba nyingi zikabomolewa, na misikiti na makanisa yakawa malazi. Sisemi kwamba majani ya ua wa mtu fulani ndiyo yaliyoua. Mvua ilikuwa kubwa, mitaro ni michache, maghorofa yamefunika ardhi iliyokuwa ikinywa maji, na watu wamejenga mahali ambapo mto hupita. Hayo yana wahusika wake, na wataulizwa. Lakini mtaro uliozibwa na ndoo iliyotoka kwangu hauhitaji tume ya uchunguzi.

Wala safari haiishii Mukuru. Mto Nairobi huungana na Athi, Athi hushuka ikaitwa Galana, na Galana ikifika kwetu huitwa Sabaki, mto wa pili kwa urefu katika Kenya, unaoingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Watu wa Malindi wanaijua rangi ya bahari yao wakati wa mvua: huwa nyekundu kwa udongo wa bara, na ufuoni hulala magogo, chupa na ndala. Familia inayotoka Kileleshwa kwenda kupumzika Malindi Disemba, ikalalamika kwamba ufuo umechafuka, huenda inakanyaga uchafu ambao ulitangulia kufika.

Mafaqihi wana neno lao, finaa, kwa maana ya uwanja ulio mbele ya nyumba na kando ya kuta zake kwa nje. Si milki kamili ya mwenye nyumba, kwa kuwa watu hupita. Wala hakuachwa bila haki, kwa kuwa ndiye anayeutumia zaidi kuliko wote. Anaruhusiwa kukaa, kufunga mnyama wake, kuweka mzigo wake kwa muda, maadamu hamdhuru mpita njia. Katika Sunan ya Tirmidhi mna riwaya inayohimiza kusafisha viwanja hivi hasa, na wahubiri huipenda sana. Amana ya elimu inatutaka tuseme kwamba Tirmidhi mwenyewe ameitaja kuwa ni gharibu na kwamba mmoja wa wapokezi wake amedhoofishwa. Hatuihitaji. Tunazo hadithi sahihi zilizotosheleza: kuondoa udhia njiani kumehesabiwa kuwa tawi la imani, na anayewachafulia watu njia yao na kivuli chao ameonywa kwa onyo la laana. Anayeondoa udhia mlangoni mwake akauweka kwenye njia ya maji ya mwenzake, je, ameuondoa au ameuhamisha?

Kuna kisa cha mlizamu ambacho akina mama wanaweza kuwasimulia watoto wakati gata zinasafishwa. Kimepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad, na sanadi yake ina maneno, lakini wanavyuoni wamekitumia katika vitabu vya fiqhi. Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.), alikuwa na mlizamu uliotokeza juu ya njia. Sayyidna Umar, naye ni Khalifa, alipita Ijumaa moja akiwa amevaa nguo zake za Swala. Juu kulikuwa kumechinjwa vifaranga viwili, na maji yaliyochanganyika na damu yakamwagikia. Akaamuru mlizamu ung'olewe, akarudi nyumbani kubadilisha nguo. Baada ya Swala Abbas akamwendea akamweleza kwamba mahali pale mlizamu uliwekwa na Mtume mwenyewe. Umar akamwapia kwamba ni lazima Abbas apande juu ya mgongo wake, mgongo wa Amirul Muuminin, aurudishe palepale. Naye akapanda.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya unyenyekevu wa Umar, na ni haki yake. Mimi hunishughulisha ile sehemu ya kwanza. Jambo la kwanza lililomjia Khalifa ni kwamba kinachotoka katika nyumba ya mtu kikimwangukia mpita njia, ni jambo la kuzuiliwa, hata kama mwenye nyumba ni ami yake Mtume. Kilichoubakisha mlizamu ule ni idhini maalumu ya aliyeuweka. Mtaro wa Kilimani hauna idhini hiyo.

Basi taka ziende wapi? Majani na maganda ya jikoni yakae uani, kwa wenye ua. Chimbeni shimo kwenye kona, mbali na ukuta wa jirani, mweke majani, maganda ya ndizi na ya viazi, mnyunyize maji wakati wa jua kali, mgeuze kwa reki kila wiki mbili. Kufikia masika mtakuwa na mbolea ya sukumawiki na mchicha. Msiyachome. Moshi wa majani mabichi asubuhi ya Nairobi hauendi juu. Hulala chini na kuingia katika chumba cha jirani mwenye pumu, na haki ya jirani hapa haihitaji dalili mpya. Visivyooza vitengwe peke yake, na sheria ya nchi ya mwaka 2022 kuhusu taka nayo inataka zinazooza zitengwe na zisizooza. Mnaolipia gari la taka kila mwezi, muulizeni mwenye gari anamwaga wapi. Ni swali la adabu, na anayekasirika akiulizwa amekwisha jibu. Chuma na plastiki ngumu wapo wanunuzi wake, tena huja mlangoni.

Kijana anayefanya kazi hii alipwe siku hiyo hiyo, kabla ya Maghrib, na ujira ukubaliwe kabla hajashika jembe. Nimesikia katika nyumba za watu wanaoswali safu ya mbele maneno ya “njoo mwisho wa mwezi” kwa kibarua wa siku moja. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sijui mwezi mzima jasho la nani hubaki bichi.

Na neno kwa akina baba, maana ukurasa huu husomwa nao pia ingawa husema ni wa wake zao. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika huduma ya watu wa nyumbani kwake, na Swala ikifika hutoka. Jumamosi moja ya Septemba si nyingi. Watoto wa kiume nao wapewe ufagio. Madrasa zetu za zamani hazikufungua msahafu kabla ya uwanja kufagiwa, na hakuna aliyesema hiyo ni kazi ya wasichana.

Dada mmoja ameuliza kuhusu nguo zilizorukiwa na tope la barabarani au la mtaro wakati wa kazi hii. Tope la njiani, hata likijulikana kuwa na najisi, husamehewa kwa kiasi ambacho ni vigumu kujiepusha nacho. Lakini aliyeingia mtaroni kwa makusudi kuuzibua, na maji yake ni ya vyoo, abadilishe nguo na aoshe mwili kabla ya Swala. Awe na nguo ya kazi kando, mas-ala yaishe.

Wamebaki wale wa katikati ya mji, wa maghorofa ya Ngara na River Road, ambao husema haya hayawahusu kwa kuwa hawana ua. Mnazo ngazi. Ngazi ni finaa yenu, na ni ya wote, ndiyo maana hakuna anayezifagia. Keateka hulipwa kufagia ghorofa ya chini na ya kwanza, huko juu ni mtihani. Wapangaji wa sakafu moja wagawane siku. Na mnayo roshani. Wengi huifagia kwa kusukuma vumbi nje kupitia vyuma, na huwamwagilia maua yao maji yakashuka sakafu kwa sakafu. Chini yako kuna mama aliyefua tangu alfajiri akaanika kanga na sare za shule, kwa mara ya kwanza jua limetoka baada ya miezi mitatu. Weka kisahani chini ya chungu, ukimwage kila siku kwa ajili ya mbu. Vumbi likusanye kwa kijiko cha taka. Na kabla ya kumwagilia, inama utazame chini. Ukiona kamba ina nguo, subiri jioni atakapozianua.

Wabillahi tawfiq.